Sindano Zisizo na Mhunzi

Mapema mwaka 1899 meli ya mvuke ya Kijerumani, Valdivia, iliingia bandari ya Dar es Salaam. Watu wa mji walikwisha kuzoea meli za vita na za biashara, lakini hii haikuwa miongoni mwake. Shehena yake ilikuwa nyavu, chupa za spiriti, waya wa chuma uliozungushwa kwenye magurudumu makubwa, na kundi la wanasayansi waliokuwa baharini tangu meli ilipoondoka Hamburg mwishoni mwa Julai mwaka uliotangulia. Walikuwa wamepita Cape Town, wakateremka hadi kwenye barafu za kusini, wakapanda mpaka Sumatra, kisha wakaikata Bahari ya Hindi kuja upande wetu. Mkuu wao, Carl Chun, profesa wa elimu ya wanyama wa Leipzig, alitaka kujua ni nani anayeishi katika vilindi ambavyo jua halivifikii.

Katika safari hiyo, kwenye vilindi vya mwambao wa Afrika Mashariki, zaidi ya mita 1,000 chini ya maji, nyavu za Valdivia zilizoa vitu ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuviandika: fimbo za kioo, nyofu, zenye kung'aa, zilizochongoka. Kubwa zake hufikia mita 3 kwa urefu na unene wa milimita 8 hivi. Ukimsimamisha mtu mrefu kando ya fimbo moja, inampita kichwa kwa mbali. Na fimbo yenyewe ni kiungo cha mnyama.

Mnyama huyo ni sifongo. Anakaa juu ya tope la sakafu ya bahari ambako hakuna jiwe la kushika, basi anajitengenezea sindano moja kubwa, anaichomeka topeni, kisha mwili wake unaikumbatia sehemu ya juu na kuchuja chakula kutoka majini. Mwaka 1904 Franz Eilhard Schulze wa Berlin, aliyekuwa amekwisha kuandika juzuu nzima kuhusu sifongo wa kioo, alimpa jina la Monorhaphis chuni. Chuni ni heshima kwa mkuu wa msafara. Monorhaphis ni Kigiriki, na maana yake ni sindano moja.

Schulze hakuwa wa kwanza kuazima neno hilo la Kigiriki. Takriban miaka 80 kabla yake, huko Geneva, mtaalamu wa mimea Augustin Pyramus de Candolle alikwisha kulitumia katika kitabu chake cha 1827 kuhusu viungo vya mimea. Alikuwa anatafuta jina la vitu vidogo sana, vyembamba, vilivyofungwa matita ndani ya seli za majani na mizizi. Akaviita rafidi. Kwa hiyo neno moja likabandikwa kwenye fimbo ya mita tatu iliyo chini ya bahari na kwenye kitu kisichoonekana bila hadubini, kilicho ndani ya gimbi ulilokula jana. Wanasayansi walivitazama wakaona umbo moja. Kilichowachukua muda mrefu ni kuelewa kwamba umbo halielezi kazi, na habari ya sindano hizi, kwa karne tatu na zaidi, ni habari ya watu waliorogwa na ncha.

Tuanze na walioona kioo. Kabla ya Valdivia, sifongo wa kioo walikwisha kuwatoa jasho wataalamu wa Ulaya. Kutoka Japani zilikuja kamba nzuri za nyuzi za kioo zilizosokotwa pamoja, zikiuzwa kama mapambo. Philipp Franz von Siebold, daktari aliyefanya kazi Nagasaki chini ya Waholanzi, alirudi na baadhi yake. Mwaka 1835 John Edward Gray wa makumbusho ya Uingereza alizipa jina la Hyalonema, akaamini kwamba zimetengenezwa na wanyama wa jamii ya matumbawe, kwa sababu kamba nyingi zilikuwa zimefunikwa na vinyama vya aina hiyo. Christian Ehrenberg wa Berlin, ambaye katika mambo ya hadubini hakuwa na mpinzani wakati wake, alishuku kwamba ni kazi ya mikono: fundi wa Kijapani kasokota nyuzi za kioo, akapachika kisifongo kwenye ncha, akamuuzia mgeni. Sitamcheka. Mtu akikuletea kamba ya kioo akakuambia imeota baharini, kumshuku ni akili. Mwaka 1860 ndipo Max Schultze alipoonyesha kwamba nyuzi ni za sifongo mwenyewe na vile vinyama vya juu ni wapangaji tu.

Lakini kioo hicho kinapatikanaje? Kiwandani kioo hutaka tanuru la joto kali sana. Sifongo anaishi katika maji baridi, na silika iliyoyeyuka humo ni kidogo mno. Jibu lilianza kupatikana mwaka 1998 katika Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Katsuhiko Shimizu, Daniel Morse na wenzao walichukua sifongo mwingine, Tethya, anayeishi maji ya pwani yao, wakayeyusha kioo cha sindano zake. Kilichobaki ni uzi. Ndani ya kila sindano, katikati kabisa, mlipita uzi mwembamba wa protini, na protini hiyo ndiyo inayoivuta silika kutoka majini na kuigandisha tabaka juu ya tabaka. Wakaiita silikateini. Walipolinganisha muundo wake na wa protini nyingine, walikuta ina undugu wa karibu na vimeng'enya vinavyokata protini, vya ukoo ule ule wa kimeng'enya cha papai.

Papai hilo tulishike, tutalirudia. Mama wa Kiswahili anayepaka nyama ngumu maji ya papai bichi kabla ya kuibandika jikoni anatumia papaini, kimeng'enya kinachokata nyuzi za nyama. Ukoo wake umeenea kwa mimea na wanyama, na unajitokeza mahali pasipotarajiwa.

Sindano ya Monorhaphis nayo ina uzi wake katikati, na kuuzunguka kuna mamia ya tabaka za kioo. Tabaka hizo ndizo zinazoifanya isivunjike ovyo: ufa ukianza nje, hukwama kwenye mpaka wa tabaka na tabaka. Kwa kuwa tabaka huongezeka jinsi mnyama anavyoishi, zimekuwa pia daftari. Mwaka 2012 Klaus Peter Jochum na wenzake wa Mainz walichapisha vipimo vya kemikali vya sindano moja iliyotolewa Bahari ya China Mashariki, wakakadiria kwamba mwenye nayo aliishi miaka 11,000 hivi, kukosea kukiwa miaka 3,000 huku au kule. Hata ukichukua kadirio la chini, mnyama huyo alikuwa tayari mzee wakati piramidi za Giza zinajengwa.

Sasa turudi nchi kavu, jikoni.

Kila aliyemenya magimbi mabichi anajua yanavyowasha. Wapo wanaopaka mafuta mikononi kwanza, wapo wanaomenya yakiwa makavu kabisa kwa sababu maji huzidisha, na wapo wanaoyachemsha na maganda yake ndipo wayamenye. Wakenya, wanaoyaita nduma, wana mbinu hizo hizo. Gimbi lisiloiva vizuri huchoma ulimi na koo, na futari nzuri ya nazi ikaharibika kwa sababu ya mpishi mwenye haraka.

Mkosaji aliyetajwa siku zote ni rafidi. Ni fuwele za kalsiamu oksaleti, kila moja imechongoka pande zote mbili, na seli maalumu huzipanga kwa makumi au mamia katika tita moja lililozungukwa na ute. Seli ikivunjwa na jino au kisu, sindano huchomoka. Antoni van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft aliyejitengenezea hadubini zake mwenyewe, anahesabiwa miongoni mwa watu wa kwanza kuona fuwele ndani ya mimea, katika karne ya 17. Baada ya de Candolle kuzipa jina, George Gulliver, daktari wa zamani wa jeshi la Uingereza, alizitafuta kwa bidii katika miaka ya 1860 ndani ya mmea mmoja baada ya mwingine, akasisitiza kwamba kuwepo au kukosekana kwa rafidi kunaweza kusaidia kutenganisha koo za mimea. Alikuwa sahihi. Koo nyingine zimejaa, nyingine hazina hata moja, na kitambulisho hicho bado kinatumika.

Kazi ya sindano hizo ilipata mtetezi mwaka 1888. Ernst Stahl wa Jena aliandika kuhusu mimea na konokono: aliwapa konokono majani ya aina nyingi, akaangalia wanachokula na wanachokiacha, akahitimisha kwamba mimea ina silaha, nyingine za kemikali na nyingine za kuchoma. Rafidi aliziweka katika fungu la kuchoma. Maelezo yalieleweka upesi, maana yalikubaliana na kila mdomo uliowahi kuonja gimbi bichi. Mwaka 1972 yakapata nguvu mpya. Sakai na wenzake walitazama kwa hadubini ya elektroni rafidi za mmea wa Amerika ya kitropiki ambao ni jamaa ya gimbi, wakaona kwamba kila sindano ina vijino vilivyoelekea nyuma kama vya ndoana, na mifereji ubavuni. Picha zilitisha, na zinatisha hadi leo.

Hapa ndipo vitabu vingi vya shule huishia: sindano huchoma, basi. Lakini mpishi yeyote angeweza kuuliza swali linaloangusha maelezo hayo. Kalsiamu oksaleti haiyeyuki kwa kuchemshwa. Chukua gimbi lililoiva, laini, lisilowasha hata kidogo, liweke chini ya hadubini: sindano zimo, na ncha zake ni kali vile vile. Kama ncha ndiyo iliyokuwa ikiwasha, mbona haiwashi tena?

Mwaka 1998 Howard Bradbury na mwenzake wa Australia walilijibu swali hilo kwa rafidi zilizotengwa kutoka kwa mimea ya jamii ya magimbi. Bradbury ni jina linalofahamika kwa watafiti wa muhogo mchungu, kwani alibuni karatasi za kupimia sayanidi na njia rahisi ya kulowesha unga ili kuzuia ugonjwa wa konzo. Katika magimbi alihitimisha kwamba juu ya sindano kuna protini, yumkini kimeng'enya, na kwamba mwasho unatokana na viwili hivyo kwa pamoja. Moto huiharibu protini na kuiacha sindano. Kilichobaki kinywani ni vumbi la fuwele lisilo na neno.

Uthibitisho uliokata maneno ulitoka Japani mwaka 2014. Kotaro Konno na wenzake walichukua rafidi za tunda la kiwi, wakazipaka kwenye majani ya mbarika, wakawalisha viwavi wa nondo wa hariri wanaoishi kwa majani hayo. Rafidi peke yake ziliwadhuru kidogo sana. Kimeng'enya peke yake, hali kadhalika. Walipochanganya vyote viwili, viwavi walikufa. Wakajaribu tena kwa kalsiamu oksaleti ile ile ambayo haikuwa na umbo la sindano, pamoja na kimeng'enya: viwavi wakaendelea kula. Sindano hufungua tundu, kimeng'enya hupita. Na kimeng'enya walichotumia ni cha ule ukoo wa papai. Ndani ya sifongo jamaa yake hujenga sindano. Ndani ya tunda hufuata nyuma ya sindano na kuharibu. Mimi naona hiki ndicho kisa kizuri kuliko vyote katika habari hizi, na kinastahili kuingia katika vitabu vya shule kabla ya ile picha ya ndoana.

Si kwamba sindano zenyewe ni za kudharauliwa. Mwaka 2001 watafiti wa Mexico walieleza wafanyakazi wa viwanda vya tekila waliokuwa na vipele na mwasho mkali. Tone moja la maji ya agave, mmea unaotengenezewa tekila, lilikuwa na rafidi 100 hadi 150. Watano katika kila sita waliokuwa wakishika mashina kiwandani walikuwa wamepatwa, na theluthi moja ya waliokuwa shambani. Agave hiyo ni ndugu wa karibu wa mkonge, ule uliofika Tanga mwaka 1893 kwa mkono wa Richard Hindorf, miche 62 ikiwa hai kati ya 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida.

Pia ulinzi hauelekei kuwa kazi pekee. Vincent Franceschi alionyesha mwaka 1989 kwamba magugumaji madogo yaeleayo juu ya madimbwi, Lemna, yakiongezewa kalsiamu majini huanza kutengeneza matita ya rafidi ndani ya nusu saa, na kalsiamu ikipungua huyayeyusha tena. Mmea unaweka akiba na kuitoa. Stahl na konokono wake hawakuliona hilo.

Sindano ya tatu imo mwilini mwa binadamu, na hapo tunamkuta tena mfanyabiashara wa Delft. Katika miaka ya 1670 Leeuwenhoek alipata kipande cha kitu cheupe kama chokaa kilichotoka kwenye uvimbe wa mgonjwa wa jongo. Macho ya kawaida yaliona chokaa. Hadubini ilionyesha vijiti virefu, vyembamba, vinavyopitisha nuru, vimechongoka. Aliandika alichokiona, akaishia hapo. Hakuwa na namna ya kujua vimetengenezwa kwa nini: asidi ya yuriki ilikuwa haijagunduliwa. Carl Wilhelm Scheele aliipata katika mawe ya mkojo mwaka 1776, na William Hyde Wollaston akaonyesha mwaka 1797 kwamba ile chokaa ya jongo ni chumvi yake.

Karne ya 19 ilimtoa Alfred Baring Garrod wa London. Mwaka 1848 alionyesha kwamba damu ya mwenye jongo ina asidi ya yuriki nyingi kupita kiasi. Baadaye akabuni kipimo ambacho hakikuhitaji mtambo wowote. Alimimina majimaji ya damu ya mgonjwa kwenye kisahani cha kioo, akaongeza asidi kidogo, akalaza uzi wa kitani ndani yake, akaacha usiku kucha au zaidi. Ikiwa mgonjwa ana jongo, fuwele zilijipanga kwenye uzi. Mtu angeweza kuzihesabu kwa hadubini.

Garrod aliamini kwamba fuwele ndizo chanzo cha maumivu. Mwaka 1899, mwaka ule ule Valdivia ilipoingia Dar es Salaam, Max Freudweiler alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba fuwele hizo zikidungwa mwilini huleta uvimbe na joto. Kisha watu wakasahau. Sijui nieleze vipi usahaulifu huo, maana jongo halikupungua. Lakini kwa zaidi ya nusu karne madaktari walijadili damu na kuacha kutazama kiungo.

Walioamka ni Daniel McCarty na Joseph Hollander wa Philadelphia. Mwaka 1961 walichukua ute kutoka kwenye viungo vilivyovimba, wakautazama kwa hadubini yenye nuru iliyochujwa hata ikabaki inayotikisika upande mmoja tu. Chombo hicho wanajiolojia walikuwa nacho tangu karne ya 19 kwa ajili ya kutazama miamba. Sindano ziling'aa kwenye giza, nyingine zikiwa zimemezwa nusu na seli nyeupe za damu. Mwaka uliofuata McCarty na mwenzake James Faires walihakikisha kwa njia ambayo kamati yoyote ya maadili ya leo ingeikataa: walijidunga fuwele hizo kwenye magoti yao wenyewe. Maumivu yalikuja, makali, kama ya mgonjwa yeyote.

Kwa mara nyingine ncha ikaonekana kuwa jibu kamili. Lakini madaktari walizidi kukuta sindano kwenye viungo vya watu wasioumwa, zimelala miezi na miaka bila kelele. Mwaka 2006 kundi la Jürg Tschopp huko Lausanne likaeleza kinachotokea katikati. Seli ya kinga huimeza sindano ikidhani ni adui, inashindwa kuisaga, na ndani yake mkusanyiko wa protini unawaka kama king'ora, ukitoa ujumbe wa kemikali unaoita seli nyingine kwa maelfu. Uvimbe, wekundu na ule uchungu wa usiku ambao hata shuka haiguswi ni kazi ya mwili wenyewe. Fuwele iligonga mlango tu.

Ndiyo maana jongo lina dawa mbili za namna tofauti. Kolkisini, inayotokana na ua ambalo watu walilitumia kutibu viungo tangu zamani na ambayo Pelletier na Caventou waliitenga mwaka 1820, haiyeyushi hata sindano moja. Inazituliza seli za kinga. Alopurinoli, iliyotokana na kazi ya Gertrude Elion na George Hitchings na kuanza kutumika katika miaka ya 1960, hupunguza utengenezaji wa asidi ya yuriki, na kidogo kidogo sindano zilizokwishajengeka huyeyuka. Tatizo ni kwamba zinapoanza kuyeyuka hutikisika, zikaamsha kinga iliyokuwa imelala, na mgonjwa aliyekuja hospitali ili apone akapatwa na shambulio jipya wiki chache baada ya kuanza tiba. Wengi hapo huitupa dawa, wakisema imewazidishia. Kwa hiyo daktari anayelijua jongo humwandikia alopurinoli kwa dozi ndogo inayopandishwa taratibu, na kolkisini pembeni yake kwa miezi michache ya mwanzo, mpaka sindano zipungue.